Gari la Wagonjwa Litaijuaje Nyumba Yako?

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za vyandarua, maji ya kuchemsha, choo bora na lishe ya mtoto. Leo tuzungumzie kitu ambacho huenda hudhani kwamba kina uhusiano wowote na afya, nacho ni ramani. Sisemi ile ramani iliyotundikwa ukutani shuleni. Nasema ramani inayofunguliwa kwenye simu au kompyuta, ambayo ukiigusa inakujibu. Ukigusa alama ya zahanati, inakueleza kama pana huduma ya kujifungua. Ukigusa njia, inakueleza kama inapitika wakati wa masika. Maoni yangu ni kwamba ramani ya namna hiyo ya bonde la Kilombero yafaa itengenezwe na vijana wetu wenyewe, na kwamba sisi wazazi tunao wajibu wa kuwaruhusu na kuwasaidia kujifunza kazi hiyo.

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Mvua zinapoanza, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani. Watu hukaa huko wiki nyingi wakilima mpunga, kisha wakiulinda dhidi ya ndege na wanyama. Hulala katika vibanda na madungu, mbali na kijiji, mbali na zahanati, na mara nyingi ng'ambo ya kijito ambacho jana kilikuwa na maji ya kifundo cha mguu na leo yamefika kifuani. Sasa tujiulize: mama mjamzito akishikwa na uchungu akiwa huko usiku, itakuwaje?

Siku hizi upo mpango wa usafiri wa dharura kwa ajili ya wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga, unaojulikana kwa jina la m-mama. Unapiga simu namba 115 bila malipo, na anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jirani aliyekubali kufanya kazi hiyo. Ni mpango mzuri, na kila familia yafaa iijue namba hiyo kwa kichwa. Lakini swali moja halikwepeki: "Mko wapi?" Wengi wetu tutajibu: "Tuko shambani, ukishavuka kijito, penye mwembe mkubwa, uliza kwa mzee fulani." Jibu hilo linamtosha jirani aliyezaliwa hapo. Dereva anayekuja usiku wa mvua halimtoshi.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Serikali iliendesha kazi kubwa ya Anwani za Makazi nchi nzima. Barabara na mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, kibanda cha msimu, kinachojengwa leo na kubomolewa baada ya mavuno, si nyumba ya kubandikwa namba. Tena namba ya nyumba haisemi kama njia ya kuifikia imefunikwa na maji. Habari ya namna hiyo inajulikana na wenyeji tu.

Ramani na magonjwa

Msidhani kwamba habari ya ramani na afya ni ya juzi. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika eneo la Soho jijini London, na katika muda mfupi watu zaidi ya 600 walikufa. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, aliamini kwamba unaletwa na maji. Alitafuta habari za waliokufa, nyumba walizokaa na maji waliyokunywa. Vifo vilionekana kuizunguka pampu moja ya barabara ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu hiyo uliondolewa watu wasichote tena. Baadaye Snow alionyesha vifo hivyo katika ramani, alama kwa kila aliyekufa, na ramani hiyo inafundishwa katika vyuo vya afya hadi leo.

Lakini yupo mtu wa pili katika habari hiyo, naye hatajwi sana. Ni Henry Whitehead, kasisi kijana wa Kianglikana aliyehudumu mtaa ule ule. Mwanzoni hakukubaliana kabisa na Snow, akaazimia kumpinga. Kwa kuwa alizijua familia na familia zilimjua, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani aliugua, lini, na alikunywa maji gani. Mwisho wake yeye mwenyewe akapata ushahidi kwamba Snow alisema kweli. Ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, ambaye nepi zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa katika shimo lililovujia kisimani. Daktari alikuwa na elimu ya ugonjwa. Kasisi alikuwa na elimu ya watu. Ramani bora huhitaji vyote viwili.

Na sisi hapa tunayo ya kwetu. Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia Ifakara. Watafiti waliochunguza mlipuko ule waliona kwamba waliokuwa katika hatari zaidi ni waliooga mtoni, waliokaa mbali na chanzo cha maji, na waliokula samaki wakavu. Angalia hayo mambo matatu. Mawili kati yake ni ya mahali: mto uko wapi, na bomba liko umbali gani kutoka mlangoni kwako. Hayo yote yanaweza kuonyeshwa katika ramani kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Tena, tangu mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo kinaitwa Ifakara Health Institute, kilianza kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Waandikishaji walirudi kila nyumba baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama. Wengi walichoshwa na maswali yale wakasema, "Hawa watu wanatuhesabu kwa faida ya nani?" Jibu lilipatikana. Wakati huo huo vilikuwa vikiuzwa vyandarua vyenye dawa vya Zuia Mbu. Kwa kuwa kila kaya ilijulikana, iliwezekana kupima, na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Bila kujua nyumba ziko wapi na nani anaishi ndani yake, hakuna ambaye angeweza kusema neno hilo kwa uhakika.

Wenyeji wanajua

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ramani ni ya wataalamu. Kwao nina habari nyingine ya hapa hapa. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi hiyo ya Ifakara walichapisha kazi waliyofanya vijijini, upande wa Ulanga. Waliwapa wanakijiji ramani ya kijiji iliyogawanywa katika miraba, wakawaomba waonyeshe mahali penye mbu wengi, penye wastani na penye wachache. Kisha watafiti wakatega mitego ya mbu kwenye sehemu hizo. Mbu walionaswa waliafikiana na maneno ya wanakijiji. Mkulima asiyewahi kushika darubini alijua mbu wako wapi, kwa sababu ndiye wanayemuuma.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika bonde letu. Mbu wanaoleta malaria kwetu si wote sawa. Aina moja, Anopheles funestus, ingawa si ndiyo yenye mbu wengi kuliko zote, ndiyo inayosababisha sehemu kubwa kabisa ya maambukizo ya malaria huku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbu hao huzaliana zaidi katika maji ya kudumu: vidimbwi vya chemchemi, mabwawa, na maji yanayokwenda polepole kando ya vijito. Maji ya namna hiyo hayako kila mahali, hasa wakati wa kiangazi. Yanaweza kutafutwa, kuhesabiwa na kutiwa alama. Na nani anayajua kuliko kijana anayechunga, anayevua, au anayechota maji hapo?

Dar es Salaam walikwisha kufanya jambo la jinsi hii. Katika mpango wa malaria wa mjini ulioanza mwaka 2004, ramani za kutafutia viluwiluwi vya mbu zilichorwa kwa mkono, shina kwa shina, pamoja na viongozi wa nyumba kumi. Kisha zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, na hapo zikaonekana sehemu ambazo hazikuwa zimechorwa na mtu yeyote. Funzo lake ni hili: jicho la mwenyeji na picha ya angani husahihishana.

Kwa nini tusiseme "Google wanayo"?

Mzazi mwenzangu atauliza: je, kampuni kubwa za nje hazijachora dunia nzima tayari? Zimechora mengi, ni kweli. Lakini kampuni huchora zaidi pale palipo na biashara. Nani atakayeandika kwamba njia ya mkato kati ya vitongoji viwili hupitika kwa bodaboda Julai, na Aprili haipitiki hata kwa miguu? Nani ataandika kisima kilichokauka?

Tena ramani huzeeka. Miaka mingi msafiri wa kwenda Ulanga alilazimika kuvuka mto Kilombero kwa kivuko, na sote tunaikumbuka Januari 2016 kivuko kilipozama. Mwaka 2018 daraja lilizinduliwa. Siku ile, kila ramani iliyoonyesha kivuko tu ikawa imesema uongo, na wala haikuwa na nia mbaya. Ramani ni kama shamba. Usipolipalilia, magugu hulirudia. Mpaliliaji wa shamba hili lazima awe ni mtu anayeishi humu.

Kwa bahati nzuri upo mfumo ulio wazi kwa watu wote, uitwao OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote anaweza kuongeza kisima, njia au zahanati, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilipoacha waokoaji bila ramani, watu wa nchi mbalimbali waliichora miji ile kwa siku chache kwa kutazama picha za satelaiti. Kwetu Tanzania, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walipita vichochoro vya mabondeni wakichora nyumba, mifereji na sehemu zinazofurika. Mwaka huo huo kazi ya Crowd2Map ilianza kuchora vijiji vya mkoa wa Mara, na ramani zile zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hao waliochora hawakuwa maprofesa. Wengi walikuwa vijana wa kawaida wenye simu mkononi.

Kazi yenyewe ikoje?

Wazazi wengi huogopa neno kompyuta kwa kuwa hawajaelezwa. Tuieleze kwa lugha nyepesi. Ukurasa wa tovuti hujengwa kwa mambo matatu. La kwanza, HTML, ni kama miti na kuta za nyumba: inasema hapa pana kichwa cha habari, hapa pana picha. La pili, CSS, ni kama rangi na chokaa. La tatu, JavaScript, ndiyo inayofanya nyumba iwe na uhai: ukigusa mlango, unafunguka. Tovuti yenyewe ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN kule Uswisi, na mwaka 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba kila mtu aitumie bure. Ndiyo maana kijana wa Mlimba hahitaji kuomba ruhusa ya mtu kujifunza.

Kwa upande wa ramani, fundi huongeza programu ndogo ya kuchora ramani. Inayofaa sana kwa mtandao wa polepole kama wetu ni Leaflet, iliyotolewa mwaka 2011 na Vladimir Agafonkin wa Ukraine. Ni nyepesi sana, yapata kilobaiti 40 tu, ambazo ni chache kuliko picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye simu. Ramani yenyewe haiji nzima. Huja vipande vipande kama vigae vya sakafu, na kompyuta hupanga vile tu unavyovitazama. Juu ya vigae hivyo kijana huweka alama zake: zahanati, duka la dawa muhimu, kisima, daraja, mahali panapofurika.

Kila alama huwekwa kwa namba mbili: umbali kutoka Ikweta, na umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Ifakara iko nyuzi 8 na kidogo kusini, na nyuzi 36 na zaidi ya nusu mashariki. Namba hizo hupatikana kwa simu yenye GPS, ambayo husoma mahali ulipo kutoka kwenye satelaiti hata bila bando. Hapa fundi anahitaji uangalifu, kwa sababu programu nyingine hutaka namba ya kusini kwanza, na nyingine hutaka ya mashariki kwanza. Ukizigeuza, hospitali ya Ifakara itajikuta ndani ya bahari ya Atlantiki, kusini ya Ureno! Anayejifunza kazi hii hujifunza pia kupima mara mbili kabla ya kukata, na tabia hiyo itamfaa katika kila kazi.

Wengine watasema simu na kompyuta zinaharibu vijana. Zinaweza, hata jembe huweza kumkata mtu mguu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani ataishika simu hiyo tupende tusipende. Tofauti ni kama ataishika kwa kutazama kazi za wengine tu, au kwa kutengeneza ya kwake. Na binti asiachwe nyuma. Ramani iliyochorwa na wavulana peke yao huonyesha viwanja vya mpira. Msichana ndiye atakayekumbuka njia ya kwenda kisimani ina giza wapi.

Tahadhari

Hata hivyo, lazima niseme wazi yale yasiyofaa. Nyumba ya mgonjwa haiwekwi katika ramani. Mgonjwa wa kifua kikuu, anayeishi na virusi vya UKIMWI, au msichana aliyepata mimba, wote wana haki ya siri yao. Alama moja katika simu za watu huweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu kazi, na ikishasambaa hairudi. Kuweka alama ya kisima ni msaada. Kuweka alama ya mgonjwa ni dhambi na ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekataza kuzitumia habari za watu ovyo, hasa za afya. Vijana wafundishwe hilo kabla ya kufundishwa HTML.

La pili, ramani haitibu. Ikionyesha zahanati isiyo na dawa, imetuonyesha mlango tu. Lakini wananchi wenye ramani mkononi wanaweza kwenda kwa diwani na kusema: vitongoji hivi vinne viko mbali na huduma, na njia hii hukatika kila masika. Malalamiko yenye ushahidi husikilizwa tofauti na manung'uniko.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne yasiyohitaji kusubiri mfadhili.

Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo, au kitongoji, ikae siku moja na kuchora ramani yake kwenye karatasi kubwa. Wazee waseme maji hufika wapi, kina mama waseme visima, vijana waseme njia, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awepo.

Pili, parokia au shule yenye kompyuta itenge saa chache kila wiki kwa vijana kujifunza kutengeneza kurasa na ramani. Masomo mengi yapo bure kwenye intaneti, ingawa mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo wajifunze wawili wawili, anayejua lugha pamoja na anayejua kijiji.

Tatu, waingize waliyochora katika OpenStreetMap, kisha watengeneze ramani ya eneo lao, na nakala ya karatasi wapewe mwenyekiti, zahanati na madereva wa bodaboda. Mtandao hukatika, karatasi haikatiki.

Nne, kabla ya kuhamia shambani mwaka huu, kila familia iandike namba za mahali kibanda chao kilipo, wazihifadhi kwenye simu pamoja na namba 115, na jirani mmoja wa kijijini apewe pia. Hili halihitaji darasa. Kijana yeyote mwenye simu ya GPS atalifanya jioni moja, na akilifanya kwa familia yake, alifanye pia kwa mama mjane wa jirani.

Wazazi wenzangu, tumewasomesha watoto wetu wajue miji mikuu ya nchi za mbali. Sasa tuwaachie watuchoree njia ya kutoka kwenye dungu la mpunga hadi chumba cha kujifungulia, kabla mvua hazijaanza.